Wiki 3 Ulaya au mzigo mmoja Kariakoo?

Jumapili iliyopita nilikwenda Ilala kumsalimia mama mdogo. Chai hata haijapoa, binti yake aliyemaliza shahada ya biashara mwaka jana akaniwekea mezani karatasi alizozichapisha stesheneri. Ni kozi ya wiki 3 ya biashara ya kimataifa, chuo kikuu fulani Ulaya, wakati wa kiangazi chao. Ukijumlisha ada, tiketi ya ndege, viza, bima na malazi, unapata fedha ambayo mama yake huagizia mzigo wa msimu mmoja.

"Kaka, wewe ulishakwenda. Hebu mwambie mama," akasema.

Mama mdogo akanitazama. Ana fremu Mtaa wa Likoma, Kariakoo, anauza mikoba na pochi za kina mama. Fedha anayo, lakini ndiyo hiyo hiyo ya mzigo. Nikaomba wanipe wiki moja nifikirie. Jibu langu ndilo hili, na kwa kuwa najua si nyumba yetu peke yake yenye mjadala wa namna hii, naliandika hapa na nyie mlipime.

Ni kweli nilikwenda. Wiki 4, kozi kama hiyo hiyo, nikiwa mwandishi wa habari za biashara. Tofauti ni kwamba mimi nililipiwa kila kitu. Nilirudi na cheti, picha nyingi na koti ambalo Dar es Salaam halivaliki. Wenzangu kazini wakaniita "Profesa" kwa mwezi mzima. Sitaki kuwa mnafiki nikasema sikupata kitu. Nilipata. Ila nilichokipata sicho nilichokifuata.

Siku moja mchana, mwalimu aliandika ubaoni herufi za makundi matatu: EXW, FOB, CIF. Ni sehemu ya masharti yanayoitwa Incoterms, yaliyotungwa na Chama cha Biashara cha Kimataifa cha Paris tangu 1936 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, ya karibuni yakiwa ya 2020. Maana yake ni rahisi tu. Ukinunua kwa bei ya EXW, muuzaji anakukabidhi mzigo mlangoni kwa kiwanda chake, mengine yote juu yako. FOB, anaufikisha mpaka ndani ya meli bandarini kwao. CIF, bei ina gharama ya mzigo, bima na nauli ya meli mpaka bandari yako. Mwalimu alitumia kama dakika 40, tukaenda kunywa kahawa.

Mimi kahawa haikupita. Nilikuwa namkumbuka mama mdogo na mwaka 2019.

Mwaka huo aliagiza mikoba Guangzhou kwa simu, kwa mtu aliyeelekezwa na rafiki. Bei ilikuwa chini kuliko ya majirani zake wote, akafurahi. Kumbe bei ile ilikuwa ya mlangoni kwa kiwanda. Gari la kuupeleka mzigo ghala la wakala, karatasi za kuutoa China, nauli ya meli, vyote vikaja kama bili mpya, kila wiki moja. Ulipofika Dar, akakutana na hesabu ya forodha ambayo hakuwahi kuelezwa na mtu yeyote.

Hebu tuifanye hesabu hiyo, maana wengi tunaandika kuhusu kodi bila kuigusa. Forodha yetu haianzi na bei uliyomlipa Mchina. Inaanza na thamani ya CIF, yaani mzigo pamoja na bima na nauli. Tuseme ni shilingi milioni 10. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 ngazi ya 35. Bidhaa yako ikiangukia 25, ongeza milioni 2.5. Juu ya hiyo milioni 12.5 inakuja VAT ya asilimia 18, ambayo ni milioni 2.25. Umefika milioni 14.75, na tozo nyingine ndogo ndogo bado. Bidhaa hiyo hiyo ikiandikwa kwenye ngazi ya 35, unafika milioni 15.93. Tofauti ni milioni 1.18, na inatokana na namba ya utambulisho wa bidhaa kwenye karatasi ambayo wafanyabiashara wengi hawaioni, kwa sababu wakala ndiye anayeijaza.

Mama mdogo aliuza mzigo wote ule na akapata hasara. Akagawa fremu, nusu akampangisha fundi simu. Mpaka leo nusu ile haijarudi. Somo la dakika 40 yeye alililipia kwa mtaji wa msimu mzima.

Sasa mtasema, basi kozi ina faida, binti aende. Subirini kwanza.

Wiki iliyofuata mwalimu yule yule alifundisha malipo. Akaeleza hati ya benki inayomhakikishia muuzaji kwamba atalipwa akishapakia mzigo. Kisha akanigeukia mimi, Mwafrika pekee darasani, akauliza: mfanyabiashara mdogo wa kwenu, asiye na benki ya kumwekea dhamana, anaagizaje bidhaa kutoka China?

Nina shahada kutoka Mlimani. Nimeandika habari za Kariakoo mara nyingi tu. Nikababaika. Usiku nikampigia mama mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi?"

Nikamuuliza lile swali. Akacheka, kisha akanisomesha kwa nusu saa. Unatanguliza asilimia 30, inayobaki unalipa mzigo ukiwa tayari, na kabla hujalipa unamtuma mtu wako akafungue maboksi. Huna mzigo wa kujaza kontena, basi mnachangia watu kumi au ishirini, kila mmoja analipa kwa ujazo, na maboksi yako yana alama yako. Nani wa kuaminiwa na nani si wa kuaminiwa, hilo linajulikana Kariakoo kabla ya benki yoyote kujua. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikaeleza. Mwalimu aliandika kila kitu kwenye daftari lake. Ile ndiyo siku pekee niliyotoa mchango wa maana kule, na mchango wenyewe ulikuwa wa mtu ambaye hakuna fomu ingemruhusu kukaa kwenye kiti changu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tazameni milango ya kozi hizi. Wamarekani walianzisha Mandela Washington Fellowship mwaka 2014, wakachukua vijana 500 wa Afrika kwa wiki 6 kwenye vyuo vyao, biashara ikiwa moja ya fani. Ilibidi ujaze fomu ndefu, ufanyiwe usaili kwa Kiingereza. Wizara ya Biashara ya China imekuwa ikilipia semina fupi kwa watu wa nchi zetu, na hizo kwa kawaida hupitia serikalini, kwa hiyo huenda watumishi. Mlango wa tatu ni wa kujilipia, kama shule ya kiangazi ya LSE pale London yenye vipindi vya wiki 3. Milango yote inauliza Kiingereza, cheti, barua ya mwajiri au akaunti nene. Hakuna unaouliza: umeshawahi kupokea mzigo?

Matokeo yake tunapeleka wasio na maswali. Mtu kama mimi nakwenda kusikiliza majibu ya maswali ambayo sijawahi kujiuliza, narudi na cheti. Aliyelala macho miezi miwili akingoja meli anabaki fremu.

Na tusijidanganye kwamba serikali itatulinda kwa marufuku. Februari 2025 Waziri Selemani Jafo aliunda kamati kuchunguza wageni wanaofanya biashara Kariakoo, akampa uenyekiti Profesa Edda Lwoga, Mkuu wa Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE. Julai mwaka huo likatoka agizo la kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ukiwemo ufundi simu na uwakala wa fedha kwa simu. Sina ugomvi na agizo. Lakini agizo halitamfundisha mama mdogo kusoma ankara. Wageni wale walijua bei ya kiwandani, njia ya mzigo na kanuni za forodha. Ukiwaondoa, ujuzi wao wanaondoka nao.

CBE ipo tangu 1965, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kutoka pale mpaka Kariakoo unatembea kwa miguu. Kama mkuu wa chuo ameweza kutumwa sokoni kuchunguza, mbona asitumwe kufundisha? Ninachoomba ni darasa la jioni, fremu zikishafungwa, kwa Kiswahili, wiki 3 hizo hizo, na kila mwanafunzi aje na karatasi za mzigo wake mwenyewe. Mhitimu asiye na mzigo akae pembeni ya mwenye nao, amsaidie Kiingereza, naye afundishwe biashara.

Naomba nieleweke. Sisemi vijana wasitoke. Kutoka kunafungua macho, na watu niliokutana nao bado tunaandikiana. Ninachosema ni kwamba uende ukiwa na swali lako mfukoni, hasa kama nauli yenyewe imetoka kwenye mtaji wa mama.

Kwa hiyo jana nilirudi Ilala na jibu. Nikamwambia binti akae fremu miezi 6, ashike mzigo mmoja tangu oda mpaka boksi la mwisho, asome kila karatasi, na hesabu ya forodha aifanye mwenyewe kabla ya wakala. Baada ya hapo, akiwa na maswali ambayo mama yake hawezi kuyajibu, aende, na nusu ya tiketi nitalipa mimi.

Amenuna. Anasema nimepanda ngazi kisha naiondoa. Hilo limeniuma, maana lina ukweli ndani yake. Nikamgeukia mama mdogo nikamuuliza, kwa nini usiende wewe?

"Mwanangu," akasema, "na fremu atakaa nani?"

Nyie mnasemaje?