Tovuti ya Mbwembwe Haimfai Mama wa Obunga

Wiki iliyopita, kwenye warsha ya wafanyabiashara wadogo hapa Kisumu, fundi mmoja wa tovuti alisimama akatutangazia kwamba tovuti isiyo na video ukurasa wa mbele imepitwa na wakati. Ukumbi ukampigia makofi. Hasira niliyotoka nayo pale haijaniisha.

Imani hii kwamba tovuti nzuri ni ile yenye mbwembwe imetutesa vya kutosha. Nendeni mtaa wa Obunga, kwa kina mama wanaokaanga mgongo wazi, yale mabaki ya mbuta yanayotoka viwandani minofu ikishakatwa. Mmoja wao ni jirani yangu. Majuzi alikuwa akitafuta fomu ya basari ya mwanawe kwenye tovuti ya ofisi fulani. Jua la saa saba linawaka, kioo cha simu kina ufa, vidole vina mafuta. Kwanza zikaja picha za wakubwa, moja ikiondoka nyingine inaingia. Maandishi ni ya kijivu juu ya weupe, juani huoni kitu. Kitufe cha kupakua ni kidogo kama punje ya mchele, na kila akikigusa kinafunguka kingine. Fomu haijashuka, bando limekwisha. Akapanda boda hadi saiba ya Kondele, akalipa nauli, akalipia na kuchapishiwa.

Wataniambia eti siku hizi kila mtu ana simu janja. Anayo, ndiyo! Ya bei rahisi, imejaa picha za WhatsApp, tena mtandao wenyewe unakuja na kupotea ukivuka ziwa kwenda kisiwa cha Mfangano. Fundi anaijaribu kazi yake kwenye kompyuta mpya, kwa waifai ya ofisi, halafu anatuambia inafunguka vizuri. Inamfungukia nani?

Wakenya hatukupaswa kufundishwa kwamba kitu chepesi ndicho kinachofaa. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 haikuwa na picha ya kupamba. Ilikuwa orodha fupi ya maneno kwenye kabambe: tuma pesa, weka kiasi, weka namba ya siri. Wavuvi, wachuuzi na wazee wa mashambani wakaishika. Sijasikia hata mmoja aliyekataa pesa zake kwa sababu menyu haikupendeza.

Kisha kuna wasioona kabisa. Hapa Kibos tuna shule yao, na wapo wasioona wanaotumia simu zinazowasomea maandishi kwa sauti. Tangazo lililopigwa picha na kubandikwa kwenye tovuti mara nyingi halisomeki kwa sauti. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia habari. Mwongozo wa kimataifa wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, nao, tangu 2008, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu kile cha basari hakifiki popote karibu na hapo.

Na zabuni zinazotangazwa kwenye tovuti za ofisi za umma je? Karatasi zinapigwa muhuri, zinapitishwa kwenye skana zikiwa zimepinda, zinapandishwa hivyo hivyo, tena kwa Kiingereza kitupu, ilhali kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi. Nani alikata shauri kwamba muuza mboga wa soko la Kibuye hana haja ya kuzisoma?

Mwenye duka unayetengenezewa tovuti, usimalizie malipo mpaka fundi aifungue mbele yako, kwa simu yako, kwa bando lako, mkiwa mmesimama juani. Bei, namba ya simu na mahali ulipo vitokee kwanza, kwa maandishi meusi makubwa. Visipotokea, arudi akaifanye upya kwa gharama yake.