Mstari Mzuri Hautoshi

Ndugu wafanyakazi wa migodi, ndugu wakaaji wa Kisangani,

Twafurahi tukiwaona watoto wetu wa masomo wamejipanga wima mbele ya bendera. Lakini tuulize: wanafunzwa kutii tu, ama kuongoza pia?

Force Publique ilijua sana kujipanga. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, ilikuwa na askari zaidi ya 20,000, na ofisa Mkongo hata mmoja hakuwamo. Tarehe 5 Julai maasi yakaanza. Mwaka 1964 vijana wengi wasio na kazi wakawafuata Simba, na mji wetu ukalia. Kijana asiye na ufundi humfuata yeyote ampaye bunduki. Na sisi wa mgodini twajua: ajuaye kuitika tu hubeba mchanga mpaka uzee.

Basi twasema: kila shule ya ufundi iwe na chama cha wanafunzi, wa mbao, wa chuma, wa motokari. Wachague wenyewe msimamizi, mwandishi na mtunza fedha. Watengeneze madawati ya shule yao. Kila franka iingiayo na itokayo iandikwe kitabuni, na mwisho wa mwaka wasome hesabu mbele ya wazazi. Hapo mtoto atajua kuamriwa na kuamuru, tena kujibu kwa aliyoyaamuru.

Wazazi, nendeni shuleni. Msiulize tu mtoto amepata alama ngapi. Ulizeni mikono yake yaweza kufanya nini, na nani amemwamini kuongoza wenzake. Samaki mkunje angali mbichi.