Dadu Hazina Kosa

Wapo wenzetu wasemao kwamba michezo ya kompyuta si jambo la kujadiliwa na walimu wa Kiswahili. Wapo pia vijana walioucheza mchezo uitwao Blood Bowl, wakashindwa, kisha wakatangaza kwamba ni kamari tupu, kwa kuwa dadu ndizo ziamuazo. Sisi twazikataa kauli zote mbili. Ya kwanza ni uvivu. Ya pili ni kutojua hesabu.

Tueleze kwanza kitu chenyewe. Blood Bowl ulizaliwa Uingereza mwaka 1986, ukiwa mchezo wa mezani wa kampuni ya Games Workshop, uliobuniwa na Jervis Johnson. Studio ya Cyanide ya Ufaransa ilitoa toleo lake la kwanza la kompyuta mwaka 2009, ikatoa toleo la pili mwaka 2015 na la tatu mwaka 2023. Ni mpira wa kubuni, uliofanana na ule wa Wamarekani wa kubebwa mikononi. Mazimwi, mbilikimo na wanadamu, 11 kila upande, hupigana ili kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui. Wepesi wa vidole hauna kazi hapa. Kila timu hupata zamu 8 katika kila kipindi, na vipindi ni viwili. Katika zamu moja kila mchezaji hutumwa mara moja tu, kwa mpangilio autakao mwenye timu. Jambo la hatari, kama kumponyoka adui au kudaka mpira, huamuliwa kwa dadu. Nalo likishindikana, kwa kawaida zamu yote hukatika papo hapo.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya mchezo huu. Chukua tendo jepesi, lifaululo mara 5 katika 6. Kijana huliona kuwa la hakika. Lakini akiyapanga matendo matatu ya namna hiyo mfululizo, yote kufaulu pamoja ni takriban mara 58 tu katika 100. Basi mchezaji mwenye akili huanza na yale yasiyohitaji dadu: huwasogeza walinzi, huziba njia, huwasimamisha waliolala. Hatari huiacha mwisho, ili ikimwangusha asiwe amepoteza kitu. Anayeanza na hatari, kisha akailaani dadu, amejilaani mwenyewe.

Wasomaji wetu wanalijua bao, na majirani zake, igisoro cha Rwanda na omweso wa Uganda. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na zote zi wazi mbele ya wachezaji. Ashindwaye hana wa kumsingizia. Hatusemi kwamba Blood Bowl umelishinda bao. Twasema kwamba unafundisha somo jingine: kuamua vema wakati matokeo hayajulikani. Mkulima hapandi kwa kuwa ana hakika ya mvua. Hupanda kwa kupima, na huacha akiba ghalani.

Je, mchezo huu hauna aila? La hasha! Tuna mashtaka matatu. Kwanza, umeufanya ukatili kuwa kichekesho. Kumkanyaga aliyelala ni mbinu halali mradi mwamuzi asione, na mchezaji aweza kufa kabisa huku watangazaji wakifanya mzaha. Pili, mpinzani aendeshwaye na kompyuta ni dhaifu, na anayejifunza kwake hujifunza kudharau. Tatu, na hili ndilo zito, toleo la mwaka 2023 lilifungua duka ndani ya mchezo. Aliyekwisha kulipa bei ya mchezo aliombwa kununua kwa fedha halisi sarafu ya kuwapambia wachezaji wake, ilhali mchezo wenyewe ulitolewa ukiwa na hitilafu nyingi. Dadu hukunyima kwa haki, kwani humnyima na mwenzako. Duka halina haki hiyo. Kijana aliaye juu ya dadu na kulinyamazia duka amemkamata jirani na kumwacha mwizi.

Sasa twarudi kwa wale wasemao kwamba haya hayatuhusu. Blood Bowl hauna maandishi ya Kiswahili. Mwanafunzi wetu anapoucheza, hupima, hukisia, hujuta na hupanga upya, na kazi hiyo yote ya akili huifanya kwa maneno ya wengine. Je, twakosa maneno? Tunayo zamu, kete na mtaji. Tunayo kubahatisha, kuvizia, kuponyoka na kutega. Bao limetuwekea hazina ya maneno ya mbinu, nasi twaifungia kabatini kana kwamba ni vyombo vya wageni.

Mwalimu ampe mwanafunzi kazi hii: aandike kwa Kiswahili zamu moja aliyoicheza, aeleze kwa nini alianza na huyu akamalizia na yule, na kama alishindwa kwa bahati au kwa mpango mbaya. Insha hiyo itadai sababu, masharti na mfuatano wa vitendo, yaani sarufi hai. Lugha isiyotumika kufikiria hubaki ya salamu na sherehe. Hatari hiyo haitokani na dadu, inatokana nasi.