Si Kila Homa ni Malaria

Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu ualimu mkuu, nikiwa na deni moja moyoni. Niliwahi kumchapa mvulana aliyeomba ruhusa ya kukojoa kila kipindi. Nilidhani anatoroka hesabu. Homa zake zote ziliitwa malaria. Hakuna aliyempima mkojo. Kumbe alizaliwa na kizuizi katika njia ya mkojo. Mkojo ulirudi nyuma, na vijidudu vikapanda hadi kwenye figo. Alipofikishwa hospitali ya rufaa, figo moja ilikuwa imeharibika.

Wengine watasema huo ni umaskini wetu. Nakataa! Kijiti cha kupimia mkojo hutoa jibu kwa dakika chache. Kipimo kikionyesha hakuna malaria na mtoto bado anaungua, kwa nini mkojo usipimwe? Homa ikirudi tena na tena, apigwe picha ya figo. Kovu la figo halifutiki.

Walimu wenzangu, mtoto anayekojoa kwa matone si mtundu. Wekeni fimbo chini, mwiteni mzazi wake.