Kamera ya bei ya gari, adui wake ni unyevu wa pwani

WAPIGA picha wa kibiashara wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wanaofikiria kutia mtaji katika kamera za dijitali za fomati ya kati hawana budi kuongeza safu moja katika daftari lao la hesabu: gharama ya joto na unyevu. Wengi huhesabu bei ya kamera, lenzi na ushuru, kisha huishia hapo. Hesabu hiyo ina pengo, kwa kuwa hewa ya pwani inaweza kula mtaji kabla haujarudi.

Kamera hizi hutofautiana na za kawaida kwa ukubwa wa kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Kihisi cha Fujifilm GFX kina milimita 43.8 kwa 32.9, eneo ambalo ni karibu mara 1.7 ya lile la kamera ya milimita 35. Faida yake huonekana katika mabango makubwa, katalogi za vitambaa na vito, na picha za majengo ya hoteli. Albamu ya harusi haihitaji ukubwa huo, na bwana harusi hatalipa zaidi kwa sababu yake.

Bei nayo hushuka upesi. GFX 50S ilipoingia sokoni mwaka 2017 iliuzwa Marekani kwa dola 6,499 bila lenzi; iliyoirithi, GFX 50S II, ilitoka mwaka 2021 kwa dola 3,999. GFX 100 ya mwaka 2019 ilikuwa dola 9,999, na miaka miwili baadaye GFX 100S, yenye pikseli milioni 102 zile zile, ikauzwa dola 5,999. Mali inayoporomoka namna hiyo sharti ifanye kazi kila wiki. Kila mwezi inaokaa kwa fundi ni hasara isiyorudi.

Kuhusu joto, watengenezaji huweka kikomo cha matumizi karibu nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi. Joto la kivulini Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi huwa kiasi cha nyuzi 32, hivyo mtu anaweza kudhani yumo salama. Lakini kamera nyeusi iliyoachwa juani, au ndani ya gari lililofungwa vioo, hupita kikomo hicho bila shida. Aidha, kihisi cha kamera isiyo na kioo cha ndani hufanya kazi muda wote mpiga picha anapotazama, na huongeza joto lake chenyewe. Kihisi kikipata joto, chembechembe za rangi huzidi katika sehemu zenye giza, na ubora ambao mteja ameulipia hupungua. Dawa yake ni rahisi: mwavuli, kitambaa cheupe, na kuzima kamera kati ya picha na picha.

Adui mkubwa zaidi ni unyevu. Hewa yenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 26. Kamera iliyolala katika chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 ikitolewa nje ghafla hulowa mara moja, na maji yanaweza kuingia hata penye saketi. Wanaopiga picha za hoteli ndio walio hatarini zaidi, maana kazi yao ni kuingia na kutoka. Kamera ifungwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kutolewa, na isifunguliwe mpaka ipate joto la nje. Kwa mashine nzito kama hizi, nusu saa au zaidi si muda mrefu.

Hasara ya polepole huletwa na kuvu. Huota ndani ya lenzi inayotunzwa gizani penye unyevu mwingi, ikitandaza nyuzi kama utando wa buibui. Ikigunduliwa mapema husafishwa. Ikichelewa huila tabaka la juu la kioo, na hapo fundi hana la kufanya. Dhamana za watengenezaji na bima nyingi za vifaa kwa kawaida hazilipi uharibifu wa aina hiyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mfano, kamera na lenzi za dola 8,000 zikifanya kazi miaka minne, kila mwaka hubeba dola 2,000. Zikiharibika baada ya miwili, kila mwaka hubeba dola 4,000, na faida yote ya studio ndogo huenda hapo. Kabati la umeme linaloweka unyevu kati ya asilimia 40 na 50 ni sehemu ndogo tu ya gharama hiyo. Asiyelimudu atumie sanduku lisilopitisha hewa, vifuko vya silika na kipimo cha unyevu, na silika hiyo ikaushwe kwa moto mdogo inapochoka.

Anayenunua mtumba asiridhike na sura ya nje. Amulike lenzi kwa tochi kutoka upande wa nyuma, atazame pia kutu ya chumvi kwenye skrubu na penye betri. Muuzaji anayekataa lenzi yake imulikwe amekwisha jibu swali.

Kwa studio yenye kazi mbili tatu za mabango kwa mwaka, busara ni kukodi na kumtoza mteja gharama hiyo waziwazi. Mwenye mikataba ya kudumu anaweza kununua, mradi kabati litangulie kamera. Mali bila daftari huisha bila habari, na pwani daftari hilo huanza na kipimo cha unyevu.