Kumkabidhi Mtoto kwa Asiye Jamaa



Huulizwa mara kwa mara: mzazi aliyelemewa na maradhi au ufukara, na jamaa zake ama hawapo ama hawana uwezo, je, yafaa amkabidhi mwanawe jirani mwema amlee? Yafaa, na thawabu yake ni kubwa; Mtume (s.a.w.) alimbashiria mlezi wa yatima ujirani naye Peponi. Ila malezi yana mipaka, na aghalabu watu huivuka kwa huruma.

Mpaka wa kwanza ni nasaba. Zaid bin Haritha aliitwa Zaid bin Muhammad, hata Sura ya Al-Ahzab ilipoamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Basi mlezi asiandikishe jina lake mahali pa baba katika cheti cha kuzaliwa, hata akikusudia kumrahisishia mtoto shule. Mtoto huyo kesho ataoa, na asiyewajua nduguze aweza kumposa dada yake.

Wa pili ni mali. Mtoto wa kulea hamrithi mlezi wake, wala mlezi hamrithi yeye. Ampendaye na amwandikie wasia usiozidi thuluthi, au ampe hiba angali hai. Na alichoachiwa mtoto na wazazi wake kisichanganywe na cha nyumba.

Wa tatu ni stara. Kulea peke yake hakuleti umaharimu. Akibaleghe, hukumu za ajinabi zamhusu. Hutoka hapo aliyenyonyeshwa na mama mlezi kabla ya kutimiza miaka 2, manyonyesho 5 kwa madhehebu yetu ya Shafi.

Limebaki jambo tunalolipuuza mno: maandishi. Wengi humaliza shauri hili barazani kwa maneno matupu. Mzazi akifa, mlezi hana la kuonyesha hospitalini mtoto akitakiwa kupasuliwa, na ami aliyenyamaza miaka 10 aja kumdai. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 yaitambua kafala, na mzazi aweza kumteua mlezi kwa wasia ulioandikwa. Basi washaurini jamaa kwanza, kwani wao wana haki. Kisha muoneni afisa wa watoto, jambo lipite njia yake.

Na mtoto aambiwe asili yake mapema, kwa upole, na mlezi mwenyewe, kabla hajaambiwa na watoto wenziwe wakigombana.

Wallahu a'lam.