Kiwanja cha wote si "mahali pako wazi"

Ndugu vijana wenzetu, na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo tunaongelea gofu. Ndiyo, gofu. Msicheke kwanza.

Kuna mji mdogo wa pwani huko Uskoti unaitwa St Andrews. Wachezaji wakubwa wa dunia wanaota kucheza kwenye uwanja wake mkongwe, Old Course. Sasa sikieni: uwanja huo si mali ya klabu ya matajiri. Ni ardhi ya umma. Jumapili kwa kawaida gofu inasimama, na watu wa mji wanatembea humo na watoto wao na mbwa wao bila kulipa chochote.

Hayo hayakuja kwa huruma ya mtu. Mwaka 1552 askofu mkuu John Hamilton alitoa hati ya kutambua haki ya wenyeji kucheza pale gofu, mpira na michezo mingine. Mwaka 1797 halmashauri ya mji, imezama kwenye madeni, ikaiachia ardhi ile wafuga sungura. Wenyeji wakapambana nao kama miaka 20, mahakamani na pale pale uwanjani. Mwaka 1894 mji ukaichukua tena kwa sheria ya Bunge.

Kwa nini tunawaambia haya? Kwa sababu huku kambini tunaambiwa kila siku: kiwanja ni anasa, chakula kwanza, hema kwanza. Kwani nani amekataa chakula? Mgao umepungua, tunajua, matumbo ni yetu. Lakini kila mradi ukitafuta pa kujenga ghala au ofisi, macho yanaenda kwenye kiwanja cha mpira. Eti pako wazi! Pale ndipo vijana wa Kongo, wa Burundi na wa vijiji jirani wanajuana kwa majina, siyo kwa makabila.

Mtatujibu: wale wako kwao, nyinyi ni wageni, ardhi si yenu. Kweli, si yetu, na hatuombi kuimiliki. Tunadai mambo mawili. Kiwanja kiandikwe kwenye ramani ya kambi kama kiwanja, cha wakimbizi na wenyeji pamoja. Na mtu asikiguse kabla ya mkutano wa hadhara ambapo vijana, wavulana kwa wasichana, wanasikilizwa.

Watu wa St Andrews, hata ardhi ilipowatoka mikononi, walikuwa na karatasi ya kushika. Sisi haki yetu iko mdomoni mwa ofisa. Mkataba wake ukiisha, anaondoka nayo.

Ndugu wa mashirika, mkitaka kuja kupima eneo, msije saa nne asubuhi watoto wakiwa shuleni. Njooni saa kumi na moja jioni, halafu mtuonyeshe ni wapi pako wazi.